Fremu ya laki nane

Ndugu zangu, habari za jioni. Nilipokuwa nakunywa chai pale nje, kijana mmoja kaniambia amepata fremu ya duka Mtaa wa Narung'ombe, hapa Kariakoo, laki nane kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Nikamuuliza, una shilingi ngapi? Akasema milioni tano, "laki mbili inabaki ya rangi na shelfu." Nikamwambia ingia ndani, maana mhadhara wangu umeshauanza wewe.

Kodi ya miezi sita ni 4,800,000. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja, 800,000. Kabla hajagusa brashi ya rangi, huyu kijana ameshapungukiwa laki sita.

Na hapo sijataja kilemba, ile pesa ya kumtoa mpangaji aliyemo. Kariakoo fremu nzuri mara nyingi haikukuti ikiwa tupu. Aliyemo ndiye anayekuachia, na anataka chake. Hakina risiti, mkataba haukitaji. Kesho mwenye nyumba akitaka kubomoa ajenge ghorofa, kilemba chako hakimhusu, kilishaliwa na mwingine. Sisemi msilipe, mimi mwenyewe nimelipa. Ila nendeni kwanza kwa mwenye nyumba, si kwa dalali, mumuulize ana mpango gani na jengo lake, na jina lako liingie kwenye mkataba siku ileile pesa inapotoka mkononi.

Sasa kodi ya zuio. Hapa nitakaa, mniwie radhi. Ukipanga kwa ajili ya biashara, unapomlipa mwenye nyumba unakata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Kodi hiyo ni yake, ni ya mapato yake. Wewe ni mchukuzi tu. Kwenye 4,800,000 unazuia 480,000, mwenye nyumba anapokea 4,320,000 pamoja na ushahidi kwamba kodi yake imelipwa.

Kwenye karatasi, safi. Barazani je? Mwaka wangu wa kwanza mwenye nyumba wangu, mzee mmoja, alinitazama kama mwizi. "Mwanangu, mimi nataka yangu kamili. Mambo ya TRA malizana nao wewe." Nilikuwa naitaka fremu, nikanyamaza, nikalipa yote. Ukaguzi ulipokuja, aliyedaiwa ni mimi, na riba juu yake. Mzee alikuwa amekaa palepale anakunywa kahawa.

Tena mkikubali kuibeba kodi hiyo wenyewe, pigeni hesabu vizuri. Ili mzee abaki na 4,800,000 baada ya makato, pango lenyewe lazima liwe 5,333,333, na zuio 533,333. Si laki nne na themanini mliyoizoea. Basi jadilianeni kabla ya kusaini: bei mnayotajiana ni kabla ya zuio au baada? Swali dogo, ila likiulizwa baada ya kusaini linageuka ugomvi.

Ushuru wa stempu kwenye mkataba ni asilimia 1 ya pango la mwaka: kwa fremu yetu, 96,000. Msiukwepe. Siku mtakayofikishana mbele ya sheria, mkataba usio na stempu utakusumbua.

Halafu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa mnaponunua umeme. Ilianza 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. 2023 ikapanda, 1,500 na 7,500. Mita ikiwa kwenye fremu yako, kodi ya jengo la mwenzio inatoka mfukoni mwako kidogo kidogo. Tunzeni zile meseji za umeme, mwisho wa miezi sita mkae naye mezani. Wengine huona aibu kudai 9,000, yaani 1,500 mara sita. Mwenye nyumba haoni aibu kudai siku tatu za kuchelewa.

Ushuru wa huduma wa halmashauri, leseni, zimamoto, haya mtayakuta tu, sitayamaliza leo.

Ila jengo lenyewe. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo. Watu walikufa, na mizigo ya wapangaji ikabaki chini ya zege. Mkisikia kuta zinagongwa au kunachimbwa chini, ulizeni nani kawapa kibali, hata kama mmeshalipa pango. Na bima ya mali ni ya kwenu wenyewe. Ya mwenye nyumba, kama anayo, inalinda kuta zake.

Haya, kijana wa Narung'ombe, huo mkataba unao hapo? Ulete mbele tuusome.