Mkono Unauma Ukipiga Slapushoti? Tazama Gongo Linapogusa Chini

Assalamu alaykum, hamjambo watazamaji. Somo la leo ni la vijana wetu wanaocheza hoki ya magurudumu kwenye sakafu za saruji hapa Malindi, pamoja na wale wanaopanda basi kwenda Nairobi kuteleza kwenye barafu yenyewe, pale hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Swali linalonifikia kila siku ni hili: "Kochi, nikipiga slapushoti mkono unauma. Nifanyeje?"

Tutalijibu kwa vitendo, gongo likiwa mkononi. Lakini kabla sijalishika, kuna jambo linaniuma moyoni, maana naona vijana wakijisifia: maumivu ya mkono si dalili ya pigo zito. Pigo lililokaa sawa hupeleka nguvu yake kwenye kisahani, kile kidude bapa cha mviringo tunachokipiga kwa gongo. Mkono ukiuma, ujue nguvu ile imekosa njia ya kwenda mbele, imepanda na mpini ikakurudia wewe.

Kwa aliyejiunga leo, tazama hapa. Slapushoti ni kuinua gongo nyuma, kulishusha kwa kasi, ubapa uguse chini kidogo nyuma ya kisahani, mpini upinde, kisha unapojinyoosha ukirushe kisahani. Kisahani cha hoki ya barafu kimetengenezwa kwa mpira mgumu, na uzito wake ni gramu 156 hadi 170. Pigo hili lilipata sifa miaka ya 1950 kupitia Bernie Geoffrion, mchezaji wa timu ya Montreal ya Kanada, na mwaka 2012 mchezaji mwingine, Zdeno Chara, pigo lake lilipimwa likafika kilomita 175 kwa saa. Sasa fikiria kasi ya namna hiyo inatoka kwenye viganja viwili vya binadamu. Ndiyo sababu nawasihi msilifanyie mzaha.

Hatua ya kwanza: weka gongo chini, utafute mahali hasa panapouma.

Usiniambie "mkono wote". Chukua kidole gumba cha mkono wa pili, bonyeza polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Kamera, sogea karibu na kiganja changu.

Anza hapa, kwenye nyama ya chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Ndani yake kuna mfupa mdogo unaoitwa hameti, wenye kijipembe kilichochomoza mbele kama ndoana. Mkono wako wa juu, ule unaoshika mwisho wa mpini, ndio ulio hatarini, kwa sababu ncha ya gongo hukaa juu ya kijipembe hicho. Ubapa ukigonga chini vibaya, ncha inakipiga. Wacheza gofu na besiboli nao huvunjika hapohapo. Ukibonyeza pakauma sana, na ukishika kitu kwa nguvu maumivu yakazidi, acha kucheza leo hii. Huo huenda ni mfupa uliovunjika, hata kama mkono haujavimba.

Njoo upande wa pili. Inua kidole gumba juu, utaona shimo dogo kwenye kifundo cha mkono, kati ya kano mbili. Bonyeza humo. Pakiuma, tunahofia mfupa wa skafoidi. Huu kwa kawaida hauvunjwi na pigo lenyewe. Huvunjika mtu akianguka akajikinga kwa kiganja, na kwenye magurudumu kuanguka ni jambo la kila siku. Kijana anaanguka, anainuka, anasahau, halafu akipiga slapushoti kesho yake anadhani gongo ndilo lililomuumiza. Kwa hiyo jiulize: wiki hii nilianguka? Mfupa huu hupata damu kidogo, na usipotunzwa mapema unaweza kukataa kuunga.

Sasa kunja ngumi, kidole gumba kikiwa ndani, kisha inamisha kifundo kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Kama maumivu makali yanapita kwenye kano za upande wa gumba, hizo ni kano zilizochoka kwa kazi nyingi. Zinataka mapumziko.

Maumivu yakiwa upande wa nje wa kifundo, chini ya kidole cha mwisho, na yakakushika ukizungusha ufunguo au ukikamua nguo, hapo ni tishu inayoshikilia mifupa ya kifundo. Daktari aiangalie.

Ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete ina maana mshipa wa fahamu unabanwa na ncha ya mpini. Usiizoee ganzi. Nayo ile hali ya viganja vyote viwili kuwashawasha dakika chache baada ya pigo, kisha kunyamaza, ni mtikiso tu, na dawa yake iko mbele katika video hii.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Kwetu pwani, mkono ukiuma, jambo la kwanza ni kupelekwa kwa mkandaji, mafuta ya nazi yapashwe moto, mkono uvutwe. Wakandaji wetu nawaheshimu, na misuli iliyokaza wanaijua. Lakini mfupa uliovunjika haukandwi. Kama umeniambia panauma kwenye ile nyama ya kiganja au ndani ya lile shimo la gumba, nenda hospitali kwanza upigwe picha ya eksirei. Mweleze daktari kwamba unacheza kwa gongo, na kwamba maumivu yako mahali fulani, umwonyeshe kwa kidole. Hili lina maana kubwa, kwa sababu kijipembe cha hameti mara nyingi hakionekani kwenye picha ya kawaida. Kinahitaji picha ya pembe maalumu au skani ya CT. Skafoidi nayo inaweza kujificha siku za mwanzo, ndipo daktari akakufunga mkono na kukurudisha baada ya siku 10 hadi 14 upigwe picha tena. Usimwone anakupotezea muda. Na ukiambiwa uende Mombasa kwa ajili ya skani, nenda. Mzazi unayetazama, hii ni sehemu yako: mtoto hataki kukosa mechi, atakwambia amepona.

Kama si mfupa, tuendelee.

Hatua ya pili: tazama ncha ya juu ya gongo. Mimi nataka ncha ipite kidogo nje ya kiganja, isikae katikati ya nyama. Izungushie tepu ya kitambaa mpaka ipate kinundu kidogo, ili mkono usiteleze na usilazimike kubana. Tepu ikikosekana, kata ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, uzungushe, ufunge kwa kitambaa juu. Unafaa sana, tena unapunguza mtikiso. Na glavu vaa, hata jua liwe kali kiasi gani. Geuza glavu uangalie kiganjani: kitambaa kikishatoboka hapo chini ya kidole cha mwisho, kinga imekwisha.

Hatua ya tatu ni ugumu wa mpini, na hapa wengi wanateseka bila kujua. Soma ubavuni mwa gongo, utakuta namba, tuseme 85. Maana yake ni kwamba inahitajika nguvu ya ratili 85, kama kilo 39, kuupinda mpini inchi moja. Kanuni inayotumika sana ni kuchukua namba iliyo karibu na nusu ya uzito wako kwa ratili. Kijana wa kilo 60 ana ratili 132, kwa hiyo 65 inamtosha. Lakini magongo yetu mengi ni ya mtumba, ya watu wazima wa Ulaya na Kanada, wenye kilo 90. Tunayapokea, tunayaona marefu, tunayakata. Na ukishalikata gongo, linazidi kuwa gumu. Kijana mwembamba anabaki na mti usiopinda kabisa, na mti usiopinda haurushi, unautikisa mkono.

Jaribu hivi. Simamisha ubapa chini, mkono wa juu uushike mwisho wa mpini, mkono wa chini uukandamize katikati. Unaona huyu kijana wangu? Mpini wake umepinda, unaonekana kwa macho. Wa kwako ukikaa wima kama nguzo, tafuta mwingine, au utumie huo kwa pasi na mapigo ya kifundo peke yake, yaani kukirusha kisahani kwa kifundo cha mkono bila kuinua gongo nyuma.

Hatua ya nne: namna ya kushika. Aliyewahi kusukuma dau kwa pondo ataelewa haraka. Mwenye pondo hafinyi mti muda wote. Anauongoza kwa mkono wa juu, anaukandamiza kwa mkono wa chini, na anakaza pale tu mti unapogusa mchanga. Gongo ni vivyo hivyo. Mkono wa juu uwe mbali na tumbo, usibanwe ubavuni. Mkono wa chini uteremshe hadi karibu na katikati ya mpini, chini zaidi kuliko unapopiga la kifundo. Kiwiko cha mkono huo karibu kinyooke, lakini kisijifunge. Vifundo vyote viwili viwe vimenyooka ubapa unapogusa chini. Kifundo kilichokunjwa ndicho kinachopokea mshtuko wote.

Sasa hatua ya tano, na hii ndiyo niliyoitengenezea video.

Chukua chaki. Weka kisahani usawa wa mguu wako wa mbele, mbali kidogo na mwili, ili mikono ipate nafasi. Kisha chora mstari nyuma yake, vidole vitatu hadi vinne. Ubapa uguse mstari huo, si kisahani, wala si huku nyuma kabisa. Ukigusa mbali mno, ubapa unapoteza nguvu yote chini, mpini unatetemeka, viganja vinawaka. Kisahani kikiwa karibu mno na miguu, gongo linasimama wima na kuchimba kwa ncha ya mbele ya ubapa. Hilo la kuchimba ndilo baya kuliko yote, kwa sababu gongo linasimama ghafla huku mwili bado unaenda.

Na saruji haisamehi. Kwenye barafu ubapa ukigusa chini unateleza, unaendelea na safari. Kwenye saruji unakwaruza na kukwama. Ndiyo maana pigo ambalo mchezaji wa Nairobi analipiga bila taabu linaweza kukuumiza wewe hapa, na si kwa sababu yeye ana nguvu kukushinda. Suluhisho ni rahisi. Tafuta kipande cha plaiwudi laini, mita moja kwa mita moja na nusu, kipake nta ya mshumaa, ukisugue kwa kitambaa mpaka kiteleze. Kiweke chini, kisahani juu yake, na upigie hapo, ukisimama kandoni kwa viatu vya kawaida. Mazoezi yote ya slapushoti nataka yafanyike juu ya ubao huu. Ufagie kila mara. Upepo wa kusi ukivuma, mchanga unajaa haraka, na punje chache tu zinatosha kuukamata ubapa.

Anza bila kisahani. Inua gongo hadi kiunoni, lishushe, sikiliza. Ukisikia "fyuu", ubapa umepita sawa. Ukisikia "ko!", umechimba, rudi polepole zaidi. Rudia mpaka mlio wa pili upotee. Halafu weka mpira wa tenisi, ambao ni mwepesi, usiohitaji nguvu. Kisha ndipo kisahani, bado gongo likiishia kiunoni. Kuinua mpaka begani kusubiri. Kwa kweli sioni sababu ya kijana wa miaka 12 kuliinua gongo kupita kiuno. Uzito wa mwili ukihama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, kisahani kitaruka.

Hebu turudie, kijana wangu. Mguu wa nyuma, shusha, mstari, mguu wa mbele. Umeona mabega yanavyozunguka? Mikono haikufanya kazi peke yake.

Hatua ya sita ni ya yule ambaye mkono tayari unauma, na hospitali wamesema mfupa uko salama. Pumzika kupiga. Barafu ile ya mfuko tunayogandisha nyumbani, iviringe ndani ya kipande cha leso, weka panapouma dakika 15 hadi 20, kisha ondoa. Usiiweke juu ya ngozi moja kwa moja. Maumivu yakipungua, jaza ndoo mchanga mkavu wa ufukweni, zamisha mkono, fungua vidole taratibu, funga, fungua. Zoezi hili linarudisha nguvu za kiganja bila kukipiga.

Kurudi uwanjani kuna mpangilio. Kwanza ukunje ngumi kwa nguvu zote bila kuumwa. Kisha siku kadhaa za pasi tu. Kisha mapigo ya kifundo. Slapushoti ije mwisho, juu ya ubao, mapigo 10 ya kiunoni, na usiongeze siku hiyo hata mkono ukiwa mzuri. Kesho yake asubuhi, kabla hujala, bonyeza palepale tulipobonyeza mwanzo. Pasipouma, fanya 15. Pakiuma, rudi kwenye mapigo ya kifundo wiki nzima, na kama wiki ikiisha bado panauma, rudi hospitali ukaombe waangalie tena.