Afisa Aliyefika Saadani Mara Mbili

Asanteni, karibuni mkae. Waliopita leo pale kwenye Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, wamemwona yule askari wa shaba aliyetanguliza bunduki, singe ikielekea bandarini. Waingereza walimweka pale mwaka 1927. Lakini kabla yake, tangu 1909, mahali palepale palikuwa na sanamu nyingine: Mzungu amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika. Huyo Mzungu ndiye mazungumzo yetu ya leo.

Hermann Wissmann alizaliwa mwaka 1853, Frankfurt, na tuelewane, si ile Frankfurt ya uwanja mkubwa wa ndege bali ile iliyo kando ya mto Oder, Prussia. Alilelewa kijeshi, akapata uluteni mwaka 1874, akapangiwa kikosi katika mji wa Rostock. Vita vya Ufaransa vilikuwa vimeshakwisha. Kwa afisa kijana hapakuwa na vita wala sifa, ila gwaride na ulevi wa jioni. Akaingia kwenye pambano la watu wawili, lile la kulindiana heshima ambalo sheria ilikataza na maafisa wenyewe wakalihesabu uungwana, na likampeleka kifungoni Magdeburg.

Hukohuko Rostock alikutana na Paul Pogge, msafiri aliyewahi kufika kwa Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda. Mwaka 1880 wakafunga safari pamoja hadi Luanda, wakaingia bara. Walipofika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mwezi Aprili 1882, Pogge akarudi alikotoka. Wissmann akaendelea mashariki, akapita kwa Mirambo, mtemi wa Urambo, akashuka na njia ya misafara hadi pwani. Novemba 1882 akaiona bahari akiwa Saadani.

Naomba mkishike kituo hicho. Saadani, mji uliotawaliwa na Bwana Heri. Mtu aliyekatiza bara zima alifika hapo akiwa hana jeshi wala bendera ya kusimika. Maisha yake njia nzima yalikuwa mikononi mwa wapagazi, wakalimani na watawala waliomruhusu apite. Alitoka hapo akiwa mtu maarufu. Baadaye akamtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kasai, katika Kongo, akavuka bara mara ya pili na kutokea Quelimane, Msumbiji. Sitakaa sana huko.

Sasa tuje 1888. Sultani Khalifa wa Unguja ameikabidhi kampuni ya Wajerumani usimamizi wa pwani. Agosti maafisa wa kampuni wakaingia mijini kwa kiburi kilichowashangaza hata waliozoea kutawaliwa. Pangani ikawaka. Abushiri bin Salim akaongoza upande wa Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akaongoza Saadani. Kufika mwisho wa mwaka kampuni imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa msaada wa manowari.

Januari 1889 bunge la Berlin likapitisha marki milioni 2, hoja ikiwa kukomesha biashara ya watumwa. Hoja hiyo iliwavuta hata wabunge ambao kwa ajili ya kampuni iliyofilisika wasingetoa senti. Wissmann akakabidhiwa kazi ya kuuzima uasi wa pwani.

Hapa ndipo ninapouona ufundi wake, na ufundi si sifa njema kila mara. Hakuleta jeshi la Wajerumani. Alileta maafisa wachache, halafu akaenda Cairo kuandikisha Wasudani mia kadhaa waliowahi kutumikia jeshi la Misri na sasa hawana kazi baada ya vita vya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeongoza uasi Sudan. Wengine akawatoa Msumbiji, Washangani, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu kwa sababu jina hilo lilitisha. Wasudani walikuja na vyeo vyao vya Kituruki: ombasha, shaushi, efendi. Leo ukimwita polisi barabarani "afande", neno lako ni ndugu wa hilo efendi.

Mei 1889 akaivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Juni akaigeukia Saadani. Mji uliompokea akitoka safarini sasa ulipigwa mizinga na kuchomwa moto. Kila ninapolisoma tukio hili najiuliza kama alikumbuka nyumba ipi alilala mwaka ule wa 1882. Julai ikaanguka Pangani, na hapohapo Pangani Abushiri akanyongwa tarehe 15 Desemba. Bwana Heri alishikilia hadi 1890. Wissmann akawa meja, akapewa ile "von" ya ukabaila mbele ya jina, na mwaka 1891 watu wake wakageuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni.

Alirudi 1895 akiwa gavana, akakaa mwaka mmoja na kidogo tu, afya ikiwa mbovu. Katika muda huo alitoa amri ya kuzuia uwindaji holela na kutenga hifadhi za kwanza za wanyama, mojawapo upande wa Rufiji. Mwenyewe alikuwa mwindaji hodari. Juni 1905 alikuwa mawindoni Austria, bunduki yake mwenyewe ikafyatuka ikamuua. Mwezi uliofuata Maji Maji ikaanza Umatumbi.

Na ile sanamu? Waingereza waliing'oa Dar es Salaam, Wajerumani wakaipata, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968. Safari hiyo hakuna aliyeirudisha. Ikawekwa stoo, Wissmann pamoja na askari wake wa chini. Sasa nipo tayari kwa maswali. Nauona mkono kule nyuma.