Paka Mwenye Kinga Dhaifu Akihitaji Kupasuliwa

Assalaam alaykum, na habari za jioni. Naona wengine mmekuja na wagonjwa wenyewe. Vikapu vibaki vimefungwa, tafadhali, tusije tukamaliza mhadhara chini ya viti.

Swali ninaloletewa kila mara ni hili: "Dokta, paka wangu kapimwa, kaonekana ana ukimwi wa paka. Akipasuliwa si atakufa?" Jibu langu ni kwamba namtazama paka kwanza, karatasi ya kipimo baadaye.

Virusi hivyo, FIV, viligunduliwa California mwaka 1986. Vina undugu na vile vya binadamu lakini havimwambukizi mtu, kwa hiyo endelea kumpakata. Simba wa Serengeti nao wana aina yao. Kwa paka wetu huenea hasa kwa kung'atana, ndiyo maana madume wasiohasiwa, wale wanaotunyima usingizi juu ya mabati, ndio wanaoongoza. Paka wa FIV anayekula vizuri na mwenye mwili wake, mimi namhasi bila kusita. Kumwacha aendelee kupigana ni hatari zaidi kwake na kwa wenzake.

FeLV, yaani virusi vya saratani ya damu ya paka, ni habari nyingine. Virusi hivi, alivyovitambua William Jarrett kule Glasgow mwaka 1964, huingia hadi kwenye uboho, kiwanda cha damu. Mfunue mdomo uone ufizi: badala ya waridi umepauka. Paka mzima chembe nyekundu huchukua kama asilimia 30 hadi 45 ya damu yake. Zikishuka chini ya 20, operesheni isiyo ya dharura naiahirisha. Dawa ya usingizi hushusha presha na kupunguza pumzi. Damu nyepesi nayo haibebi oksijeni ya kutosha. Hapo paka anaweza kukupotea mezani kabla hujamaliza kushona. Tunaangalia pia chembe nyeupe, figo na ini. Najua vipimo ni gharama, lakini kwa paka hawa ndipo pa kutumia fedha, si pa kubana.

Operesheni ninayoifanya sana kwa paka hawa ni ya mdomo. Utamwona paka ana njaa, anakimbilia sahani, anang'ata mara moja, anapiga kelele na kukimbia. Mate yanamtiririka, yananuka. Fizi zimevimba nyekundu mpaka nyuma kooni. Dawa za kutuliza humpa nafuu ya muda tu, na mara nyingi inabidi tung'oe meno, pengine ya nyuma yote. Wenye paka hushtuka: atakulaje? Anakula, tena wengi hula vizuri kuliko walivyokuwa nayo. Ila mdomo umejaa bakteria, na kinga yake haiwezi kupambana nao peke yake, kwa hiyo antibayotiki huanza kabla ya kung'oa.

Kisha waulize zahanati yenu atalazwa wapi. Asilazwe na paka wenye mafua au kuhara. Watu hudhani anatengwa ili asiambukize, kumbe yeye ndiye wa kulindwa. Awe na kizimba chake peke yake.

Nyumbani, mshono utazame kila siku, asubuhi kwenye mwanga. Kwa paka huyu kidonda huchelewa kufunga. Uvimbe unaokua, majimaji, harufu, au kukataa kula siku nzima: mrudishe siku hiyo hiyo, usingoje usaha. Na mimi nawaomba sana, msimpe Panadol. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua paka, awe na virusi au asiwe navyo.

Naam, mama pale nyuma? Mtoto wa paka wa miezi mitatu, kapimwa FIV akaonekana anayo, na umeambiwa adungwe sindano ya kumlaza moja kwa moja. Hapana, mama. Kipimo hicho hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na mtoto huzipata katika maziwa ya mama yake hata kama virusi hana. Mlee ndani, asitoke kupigana, kisha mpime tena akishavuka miezi sita. Akiwa anakula na kucheza, hata kumhasi tutamhasi.