Diski Moja, Kompyuta Mbili: Mazungumzo na Makarani, Chake Chake

Assalaamu alaykum, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie ofisi yenye kompyuta mbili kuukuu, diski moja ya nje, na fungu lisilotosha kununua kitu kipya: vipi kompyuta zote mbili zitumie diski hiyo moja? Nianze na lile ambalo watu hulijaribu mwanzo. Kuna waya madukani wenye vichwa viwili vya USB upande mmoja. Mtu akiuona tu, keshapanga: kichwa hiki huku, kile kule. Hapana, jamani. Kile cha pili kazi yake ni kuongezea diski umeme.

Na hata ungepata njia ya kuichomeka kote kwa pamoja, ungeiharibu. Kompyuta ikishaifungua diski, hubeba kichwani orodha ya mafaili na nafasi zilizo wazi, ikiamini hakuna mwengine anayeigusa. Ni kama makarani wawili wenye rejista moja, kila mmoja akitegemea kumbukumbu yake: wote wanajua ukurasa wa 40 ni mtupu, wote wanauandika. Baada ya hapo faili la mishahara halifunguki, na lawama anabebeshwa kirusi.

Basi diski iwe na mwenyewe mmoja. Ichomeke kwenye kompyuta iliyo nzima zaidi, na ya pili iombe mafaili kwa waya wa netiweki. Waya wa daraja la Cat 5e unatosha, mradi usizidi mita 100. Mkiwa na swichi ya netiweki, yaani kisanduku cha kuunganishia waya za kompyuta, imelala kabatini, itumieni. Kama hamna, unganisheni moja kwa moja, lakini tazameni taa za tundu la waya. Kadi za netiweki za zamani, za megabiti 100 kwa sekunde, huenda zisiwake kwa waya wa kawaida. Zinataka waya wa kupishana, yaani upande mmoja pini ya 1 ibadilishane na ya 3, na ya 2 na ya 6. Kadi za gigabiti hujirekebisha zenyewe.

Anwani za netiweki za kompyuta mnaziandika kwa mkono kwenye mipangilio: moja 192.168.10.1, nyengine 192.168.10.2, na maski ya netiweki (subnet mask) 255.255.255.0 kote. Kisha shirikisheni folda moja tu, si diski nzima, na iwe na neno la siri. Megabiti 100 ni kama megabaiti 11 au 12 kwa sekunde. Barua na hesabu hazitaona uzito wowote. Wawili wakifungua waraka mmoja wa Word, wa pili ataambiwa unatumika. Hilo ndilo tunalolitaka.

Wenye Windows XP, nisikilizeni vizuri. Hiyo hushirikisha mafaili kwa SMB1, lugha ya zamani ya kompyuta kupeana mafaili, na udhaifu wa SMB1 ndio uliopitiwa na WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, Mei 2017. Mimi ningeweka Linux nyepesi, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Mkishindwa, zote mbili zisiguse intaneti kabisa.

Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa kebo ya baharini, na ukikatika ghafla diski inayoandika huumia. UPS, yaani betri ya akiba, ikiwa moja, ipewe kompyuta yenye diski. Izimeni pia ile tabia yake ya kulala, maana ikilala, mwenzake hapati kitu. Na nakala wekeni kwenye diski nyengine, nje ya ofisi, kila wiki.

Koleo ya kubania na vichwa vya waya wa netiweki, vya RJ45, viko hapa mezani. Anayetaka kujaribu waya wa kupishana asogee.