Kukiri Kosa Ukiwa na Arosto

(Mhadhara kwa wenyeviti wa mitaa, askari na wazazi, Kirumba, Mwanza)

Mheshimiwa mwenyekiti, maafande, wazazi wangu na vijana, asanteni kwa kufika. Najua wengine mmeacha dagaa juani huko mwaloni, kwa hiyo sitawazungusha. Mimi ni wakili, na nina swali moja tu leo: kijana anapokiri polisi kwamba amepora, alivuta mara ya mwisho saa ngapi?

Nieleze kwa nini nauliza. Teja wa heroini hakai salama siku nzima. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa hiyo, inabisha hodi. Inaanza na miayo. Macho na pua vinachuruzika, ngozi inatoka vipele kama ana baridi. Kisha tumbo linakata, anaharisha, anatapika, mifupa inauma mpaka anapiga mateke ukuta. Siku ya 2 na ya 3 ndiyo kilele. Baada ya wiki hivi mwili hutulia, hamu ndiyo haitulii. Huyo ndiye anayekwapua simu Mlango Mmoja na kuiuza kwa bei ya kutupa kabla jua halijazama. Starehe ilishaisha zamani. Sasa anatafuta pesa ya kutoumwa.

Upande wa pili kuna saa za sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa mpelelezi saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi, na zinaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa. Muda wa kumsafirisha, au wa kumsubiri wakili au ndugu yake, hauhesabiwi. Sasa chukua kijana wa Igogo aliyevuta asubuhi, akakamatwa mchana, na maelezo yake ya onyo yakaanza kuandikwa jioni. Afande anamwonya vizuri kabisa: hulazimishwi kusema lolote, na utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Kijana anaitikia huku makamasi yanadondokea karatasi. Anasaini kila ukurasa. Mwandikie kwamba aliiba Jiwe la Bismarck, lile jabali letu la ziwani, atasaini, na jiwe mnaliona bado lipo.

Sheria ya Ushahidi inasema ungamo kwa polisi linapokelewa likiwa limetolewa kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo uko kwa upande wa mashtaka. Hiari inapotea kukiwa na tishio, ahadi au shinikizo kutoka kwa polisi au mtu mwingine mwenye mamlaka. Hapo ndipo pananikera. Arosto haina cheo wala haivai sare. Ikimbana mtuhumiwa yenyewe tu, ukisoma sheria neno kwa neno huoni tishio lolote. Lakini mpelelezi akisema "ongea upesi nikuachie ukatafute dawa yako", ahadi hiyo imeshatolewa, na mimi nitaisimamia mahakamani mpaka mwisho. Msinikimbizie kwenye utetezi wa ulevi pia. Kanuni ya Adhabu inautambua ulevi wa dawa, ila aliyelewa kwa kupenda mwenyewe kwa kawaida haumwokoi. Na mwenye arosto hajalewa hata kidogo, amelevuka kupita kiasi.

Akifika mahakamani akayakana maelezo, au akasema alilazimishwa, inaendeshwa kesi ndogo ndani ya kesi. Tangu shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda la mwaka 1967, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, majaji hulitazama kwa tahadhari ungamo lililokanwa na hutafuta ushahidi wa kuliunga mkono, ingawa wanaweza kutia hatiani bila huo wakiridhika kwamba ni la kweli. Kwa hiyo, maafande, simu iliyofukuliwa pale alipowaelekeza yeye mwenyewe itawafaa kuliko rundo la kurasa zenye saini ya mtu anayetetemeka.

Kuna neno dogo linalowamaliza vijana wetu: kisu. Anasema "nilimwonyesha kisu akanipa simu" akidhani kusema ukweli wote kutampunguzia. Hapo ametoka kwenye wizi, ameingia kwenye unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana, na kifungo chake hakishuki chini ya miaka 30. Hakimu hata akimhurumia, mikono yake imefungwa. Kama kisu kilikuwepo kweli, sawa, sheria ifuate mkondo. Kama kiliongezwa ili mahojiano yaishe haraka, mtu anakwenda gereza la Butimba kwa kisu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Wapo watakaosema nawatetea wezi. Muulizeni aliyeporwa. Anataka afungwe yule aliyemkaba, na teja aliyebebeshwa majalada ya wengine anamwacha yule wa kweli akipunga upepo Buzuruga.

Sasa nyinyi mama zangu. Mwanao akikuambia anataka kujisalimisha, mara nyingi anawakimbia wananchi wenye hasira kali. Mpeleke kituoni, uhai kwanza. Lakini nenda naye, kwa sababu ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Akishikilia kukiri, aombe kupelekwa kwa mlinzi wa amani, yaani hakimu au ofisa asiye polisi mwenye mamlaka ya kuandika ungamo, akaseme bila askari kumsimamia. Na tiba ipo. Methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na hapa kwetu kliniki iko hospitali ya Sekou Toure. Dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu na huizuia arosto kwa takribani siku nzima, kwa hiyo anayeitumia anaweza kukaa akaeleza jambo lake akili zikiwa zake. Akilala mahabusu akaikosa, tumerudi kulekule. Mwambieni afande wa zamu siku hiyohiyo, mtaje na saa aliyokunywa mara ya mwisho, na muombe iandikwe.

Mzee pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu. Uliza, baba.