Mzazi Anaitwa Shuleni kwa Lipi?

ZENA: Karibuni tena katika kipindi chetu, ambacho leo tunakirekodi hapa Tanga mjini. Niko na mwenzangu Mwalimu Kombo, aliyefundisha madarasa ya chini mpaka alipostaafu. Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU KOMBO: Marahaba, mwanangu. Nawasalimu na wasikilizaji wetu wote.

ZENA: Tunazungumzia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, ingawa mitaala mipya ilikuwa imeanza kutumika tangu Januari 2024. Kwa mzazi wa Sahare au Mabokweni, Mwalimu, kimebadilika nini hasa?

MWALIMU KOMBO: Kubwa kuliko yote ni miaka. Elimu ya lazima sasa ni miaka 10, yaani sita ya shule ya msingi na minne ya sekondari. Zamani mzazi alihesabu kwamba wajibu wake umekwisha mtoto alipomaliza darasa la saba, na katika pwani yetu hii vijana wengi wa kiume walitoka hapo wakakabidhiwa kwa nahodha. Sera inataka kijana huyo abaki shuleni hadi kidato cha nne, na anayebeba uzito wa miaka hiyo kila asubuhi ni mzazi. Tena kuna jambo ambalo wengi hawajalipigia hesabu. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba, kwa hiyo Januari 2028 madarasa mawili yanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwenye watoto wawili waliofuatana atashona sare mbili kwa mpigo.

ZENA: Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, ikafikishwa kidato cha sita mwaka 2022, lakini sare na madaftari vimebaki mikononi mwa mzazi, na kwa hilo sina ugomvi. Kinachoniuma ni kwamba mzazi huitwa shuleni ama kwa sababu ya mchango wa chakula, ama kwa sababu mtoto wake amepigana. Ni mara chache mno kuitwa aelezwe mtoto anasomaje.

MWALIMU KOMBO: Na mtaala huu hauwezi kwenda hivyo, kwa sababu unadai umahiri; unataka mtoto aweze kukitumia alichofundishwa. Chukua mama muuza dagaa aliyemwachia meza binti yake wa darasa la tatu. Mteja anataka makopo matatu, kila kopo ni shilingi 1,500, naye ametoa noti ya 5,000. Binti anapima, anamimina kwenye mfuko, anaongeza kidogo juu kama mama afanyavyo, kisha anarudisha 500 bila kuuliza mtu. Mwandikie hesabu hiyohiyo ubaoni kesho yake, anaduwaa.

ZENA: Anaduwaa kwa nini, na jana ameifanya?

MWALIMU KOMBO: Kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba ni hesabu ileile. Mwalimu haijui ile meza ya dagaa, na mama ameaminishwa kwamba elimu iko shuleni, kwamba yeye asiyesoma hana la kutoa ila fedha. Hilo ndilo ningependa mageuzi haya yalivunje kabla ya kitu kingine chochote.

ZENA: Mzazi asiyejua kusoma atalikagua vipi daftari?

MWALIMU KOMBO: Amwambie mtoto asome kwa sauti. Mtoto anayedonoa silabi moja moja utamsikia hata kama wewe hukupata kushika kitabu, na akimaliza umwambie akusimulie alichosoma. Akishindwa kusimulia, kesho mpitie mwalimu wake umweleze hivyo hivyo ulivyosikia, naye atajua pa kuanzia.

ZENA: Ampitie saa ngapi? Mikutano mingi huitishwa saa tatu asubuhi, wakati ambao baba aliyekesha akivua dagaa usiku wa giza ndio kwanza amejinyoosha, na mama yuko soko la samaki la Deep Sea anahangaikia bei. Kisha tunasema wazazi wa Tanga hawajali. Kauli hiyo mimi naikataa kabisa.

MWALIMU KOMBO: Naikataa pamoja nawe. Mkoa wetu umo katika programu ya Shule Bora, ambayo imesisitiza UWAWA, yaani ushirikiano wa wazazi na walimu, kwa hiyo mlango upo. Kamati za shule zipange mkutano baada ya swala ya alasiri, na ajenda ya kwanza, kabla neno mchango halijatamkwa, iwe kila mzazi kumsikiliza mwanawe akisoma ukurasa mmoja mbele ya mwalimu.

ZENA: Na mtoto ambaye wazazi wake wote wamebanwa na kazi?

MWALIMU KOMBO: Aende bibi yake, au shangazi, au kaka aliyemaliza kidato cha nne. Yeyote anayelala nyumba moja na mtoto huyo apewe kiti na asikilizwe.