Tope la mdomo wa mto

Haya asanteni, naona wengine mmesimama, sogeeni mbele huku kuna nafasi. Leo naongelea tope. Samaki na ndege watakuja wenyewe, ila mi naanza na lile tope jeusi la pale mto unapoingia baharini, lile ukilikanyaga linanuka yai viza, watu wanasema hapa pachafu. Jamani si uchafu ule! Mto unashuka na udongo laini sana, ukikutana na chumvi unaanza kushikana unakuwa vibonge vidogovidogo vinazama, na majani yaliyooza yanazama humohumo. Ndani ya tope hewa haifiki, bakteria wanaoozesha yale majani wanatoa gesi ya salfa, ndo harufu yenyewe.

Sasa maji yakipwa kaa utulie dakika kumi usijitikise. Kaa wataanza kutoka. Kuna wale ambao dume ana gando moja kubwa ajabu, linaweza kufika karibu nusu ya uzito wake, na wala halimsaidii kula, ni la kuwapungia majike na kupigania shimo, kula anakula kwa lile dogo, anachota tope anachuja anatema kidonge. Halafu yupo samaki anayetembea juu ya tope kwa mapezi, anavuta hewa kwa ngozi na mdomo ilimradi mwili uwe na unyevu, huyo naweza kumwangalia kutwa nzima.

Kamba je? Wengi wanataga baharini, watoto wanaingia na maji kujaa, wanajificha kwenye mikoko na majani ya bahari mpaka wakue ndo warudi, kwahiyo mvuvi wa mbali huko anavua kitu kilicholelewa hapa, na mtu akija kumwaga kifusi ili ajenge amemnyang'anya yule mvuvi bila hata kumjua, hilo linaniuma sana.

Na ndege. Mwaka 2022 kuna kinda wa ndege anaitwa bar-tailed godwit, wa miezi kama 5 tu, amefungwa kifaa cha setilaiti, aliondoka delta ya mto Kuskokwim kule Alaska akaruka mpaka Tasmania, kisiwa cha Australia, kilomita 13,560, siku 11, hakutua popote. Mafuta ya safari yote aliyabeba mwilini, na aliyapata kwa kudonoa minyoo na kome wadogo topeni.

Hapo pembeni nimeleta ndoo ya tope, njooni mmojammoja muwaone hao minyoo, ila msiisogeze juani watakufa.